Fundi Aliponiuliza Mgongo Uko Wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi aliniandikia akitaka nimtajie rangi bora za kuchorea mavazi ya maigizo, akanikumbusha aibu ambayo hadi leo haijaniisha.

Nilipoanza kazi hii, hapa Lindi mjini, nilipewa kuchora mavazi ya igizo la Vita vya Maji Maji. Nilikesha. Kila mhusika nilimchora akiwa amesimama kwa madaha, mrefu kama wanamitindo wa magazetini, kaniki yake ikimeta kwa buluu iliyokolea. Mwongozaji aliibandika michoro ukutani na wasanii wakapiga nayo picha. Fundi cherehani, mzee wa barazani karibu na soko, aliutazama mmoja kwa muda mrefu, akaugeuza, akakuta karatasi tupu.

"Binti, mgongo wake uko wapi?"

Nilimjibu kwa kiburi kwamba mgongo ataujua mwenyewe. Basi akashona alivyoona: kwa kuwa rangi yangu ilimeta, akanunua satini, na mkulima wa Matumbi aliyepaswa kung'oa pamba Julai 1905 akapanda jukwaani aking'aa kama bwana harusi. Wanawake nao niliwachorea kanga za siku hizi, zenye majina, mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele akaanza kuyasoma kwa sauti, na ukumbi ukacheka palipotakiwa kilio. Mwongozaji, ambaye wakati wa sifa hakulikumbuka jina langu, usiku huo alilitaja mbele ya wote.

Kwa hiyo, mdogo wangu, rangi isikuumize kichwa. Mchoro wa vazi ni barua kwa fundi, nanyi vijana mnauchora kama barua kwa wapenzi wa picha! Chora mbele na nyuma. Mchore mwigizaji kwa kimo chake halisi. Ukipima kimo kwa urefu wa kichwa cha mtu mwenyewe, watu wazima wengi hawazidi sana vichwa saba na nusu. Onyesha vazi linafungukia wapi, kwa maana atalibadili gizani, nyuma ya pazia, kwa haraka. Pembeni bandika kipande cha kitambaa chenyewe, ukiwa umekwisha kukitazama chini ya taa za jukwaa, kwani taa ya manjano huifanya buluu nzito ionekane nyeusi. Kama ni kaniki ya mkulima, ifue kwanza mpaka ichujuke. Bandika kitambaa, narudia.

Mwezi uliopita nilimpelekea mzee yule yule michoro minane. Aliugeuza wa kwanza, akausoma, kisha akavuta futi yake shingoni bila kuniuliza lolote.