Duka la fulana la jumuiya ya teknolojia, Unguja na Pemba: jibu refu kwa aliyeuliza

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Ndugu aliyeuliza anasema jumuiya yao inafundisha vijana kuandika programu, si ya faida, ina wanachama Unguja, Pemba na wachache walioko nje, na sasa kamati imeamua wafungue duka la mtandaoni la fulana, stika na vikombe. Anataka kujua watumie Shopify au WooCommerce, programu mbili za kujengea duka la mtandaoni. Mimi fulana za jumuiya kama hiyo nimezishughulikia hapa Unguja kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Suala la Shopify na WooCommerce liwekeni pembeni kwanza. Tovuti ya duka mtaijenga wikiendi moja, nyinyi si ndio mafundi wenyewe. Kazi inaanza baadaye: mtu kalipa saa nne usiku, anataka saizi L, zilizobaki ni M na XXL, na aliyeshika ufunguo wa kabati kaenda Wete harusini. Kama kwenye kamati hamna mtu mmoja aliyesema kwa kinywa chake "mimi nitapokea oda, nitafunga mizigo, nitajibu simu", basi hamna duka, hata mkiwa na tovuti nzuri kuliko zote.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba msiweke mzigo kabisa. Fanyeni msimu wa oda. Mnatangaza mchoro, mnafungua fomu kwa wiki mbili au tatu, watu wanalipa kwanza, mnafunga, mnachapa idadi iliyolipiwa na chache za ziada, mnagawa, mnapumzika. Mara mbili kwa mwaka inatosha sana. Usifungue Ramadhani, hakuna atakayeishughulikia fomu yako, na usifungue wiki ya mwisho kabla ya sikukuu maana pesa zote ziko kwenye nguo za watoto.

Msimu wa oda unaendana pia na namna mafundi wanavyochapa. Kwa silk skrini, yaani wino unaosukumwa kupitia fremu ya kitambaa chepesi, kila rangi inatengenezewa fremu yake, na gharama ya fremu ni ile ile uchape fulana kumi au mia. Kwa hiyo mchoro wa rangi moja kwa oda kubwa ni rahisi, na mchoro wa rangi nne kwa fulana saba ni kujitia umasikini. Ukiwa na chache za rangi nyingi, nenda kwa mwenye DTF: picha inachapwa kwenye filamu, inatiwa unga wa gundi, inagandishwa kwenye nguo kwa mashine ya moto. Inatoka nzuri, ila kama picha ni kubwa na imejaa rangi inaziba pumzi ya kitambaa, na joto letu mnalijua. Muulizeni fundi fulana ni pamba au poliesta kabla ya kumpa pesa. Poliesta nyekundu iliyochapwa wino mweupe mara nyengine inautia wino uwekundu, mnapata nembo ya waridi ambayo hakuna aliyeiomba.

Sasa hesabu, maana kamati nyingi zinadhani fulana zitalipia kodi ya ofisi. Chukua mfano tu. Fulana tupu na kuchapa na usafiri jumla 13,000, unauza 20,000. Mmetengeneza 60, gharama 780,000. Kumi zinakwenda kwa walimu wa kujitolea na wageni, hamsini zinauzwa: milioni moja. Mmebaki na 220,000. Haya, tano katika hizo hamsini ni saizi ambazo hazikupata mtu, zimelala kabatini. Mmebaki na 120,000, na hapo hatujahesabu makato ya simu wala mtu aliyeshinda mchana kutwa kwenye jua la Darajani akifuatilia fundi. Mkiita huo mradi wa kuchangisha fedha mtakasirikiana. Mkisema tunataka vijana wetu wajulikane wakipita, na pesa isipotee, hapo mnakwenda sawa. Mwenye nia ya kuchangia mpeni nafasi ya kuchangia wazi kwenye fomu ile ile: "ongeza chochote kwa ajili ya darasa". Kwetu hicho kisanduku kiliwahi kuleta kingi kuliko faida ya fulana zenyewe.

Jumuiya kubwa kuliko zetu zimeliona hili zamani. Debian, mradi wa programu huria (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha) unaoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1993, hauna kaunta yake ya fulana. Wana ukurasa wenye orodha ya wauzaji wanaotengeneza bidhaa zenye nembo yao, na baadhi ya wauzaji hao wanarudisha sehemu ya mapato kwenye mradi. Mradi unabaki na kazi yake, muuzaji anabaki na vifurushi vyake. Sisi pia tunaweza: kuna vijana wenye maduka ya kuchapa hapa mjini ambao watakubali kuuza fulana yenu na kukupeni kiasi kwa kila moja, mkiandikiana karatasi.

Walioko nje msiwachanganye na wa nyumbani. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Mwanachama wa London au Muscat hataki lipa namba, na nyinyi hamtaki kupeleka fulana moja moja Posta na kulipa nauli inayokaribia bei ya fulana. Kwa hao tumieni kampuni za kuchapa kwa oda, kama Printful iliyoanzia Latvia 2013: unapakia mchoro, mteja ananunua, wanachapa na kumtumia kutoka kiwanda chao cha Ulaya au Marekani. Bei ya fulana inakuwa juu, lakini hamgusi kitu.

Tatizo ni kupokea pesa. Akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokea, na Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, haisajili biashara ya Tanzania moja kwa moja. Dawa rahisi niliyoiona ikifanya kazi: kikundi cha wanachama walioko huko wafungue duka hilo kwa jina la jumuiya, watu wawili wawe na idhini ya akaunti, na pesa zisirudi nyumbani kabisa. Zilipie seva, kompyuta inayobeba tovuti yenu, huko huko. Seva inalipiwa kwa dola na kadi, kitu ambacho mweka hazina wa Unguja kila mwezi anakihangaikia, kwa nini uzungushe pesa? Jina la tovuti la .or.tz mlilipie wenyewe hapa kwa shilingi. Kila robo mwaka walete hesabu kikaoni kama mtu mwengine yeyote aliyeshika pesa za watu.

Kwa wa nyumbani, lipa namba. Nitasema kwa herufi kubwa: IWE KWA JINA LA JUMUIYA. Si simu ya katibu, si simu ya mweka hazina ambaye "sote tunamuamini". Kumuamini mnamuamini, lakini siku akiumwa au akihama, au mkewe akiuliza hizi meseji za elfu ishirini ishirini ni za nani, mtamtia mtu mwema kwenye shida. Muulizeni pia anayekuuzieni huduma kama lipa namba yenu inapokea kutoka mitandao yote, maana hapa kwetu nyumba moja mzee yuko Yas tangu enzi za Zantel, kijana yuko Vodacom na mama yuko Airtel. Kwenye fomu ombeni namba ya muamala, jina, saizi na mahali pa kuchukulia, basi. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho mnazitakia nini? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, taarifa usiyonayo haiibiwi.

Bei tieni kwa shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ile tabia ya "dola kumi kwa mtalii, elfu kumi na tano kwa mwenyeji" iacheni. Na kabla ya yote someni katiba yenu mliyoipeleka kwa Mrajis aliyekusajilini muone kama inaruhusu jumuiya kuuza kitu, kisha nendeni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, mkaulize wenyewe mnatakiwa nini. Kutokuwa na faida hakukuondoleini wajibu wa kutoa risiti kwa sababu tu mmejiita jumuiya. Mkinunua fulana tupu Kariakoo, shikeni risiti zake mkononi mnaposhuka bandarini, si kwenye begi lililo chini ya mabegi.

Sasa jambo ambalo sioni mtu kaliuliza, nalo ndilo lililobadilisha mauzo yetu. Madarasani kwenu wasichana ni wangapi? Kwetu walikuwa nusu, pengine zaidi. Halafu kamati ya wanaume watano inakaa inachora fulana ya mikono mifupi ya kubana, inashangaa kwa nini walionunua ni wavulana watupu. Msichana wa skuli au wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar, ataivaa wapi hiyo? Ndani ya buibui haionekani. Waulizeni wenyewe, wapeni wao kuchagua, na mtasikia mambo mengine kabisa: mtandio wenye nembo ndogo pembeni, fulana ndefu ya mikono mirefu, mkoba wa kitambaa wa kubebea laptopu, stika. Mkoba unatembea na kila mtu, hauna saizi, na kinachobaki hakiozi kabatini. Kama mna pesa ya kujaribu kitu kimoja tu, jaribuni mkoba.

Kanga pia ilipendekezwa, na mimi naipenda, maana kanga bila jina si kanga na waandishi wa programu wana maneno mengi ya kusemana. Bi mmoja wa darasa letu alitunga jina la kumpiga kijembe asiyehifadhi nakala za kazi zake: HUKUWEKA AKIBA USINILILIE. Tulicheka mpaka tukakosa kikao. Lakini kiwanda cha kanga hakikuchapii doti kumi, kinataka oda ya mfanyabiashara. Tulichukua maneno yale tukayachapa kwenye mikoba, yakanunuliwa na watu ambao hawajui hata programu ni nini.

Nembo za wengine zitazameni. Msitie nembo ya Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye fulana ya kuuza bila kuwaandikia wenyewe, Python Software Foundation. Wana sera yao ya alama, na kuuza si sawa na kugawa bure kwenye mkutano. Ngwini wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, aitwaye Tux, ni nafuu: Larry Ewing aliyemchora 1996 aliruhusu atumike mradi atajwe yeye na programu ya GIMP aliyomchorea. Ila kwa nini mvae ngwini? Choreni kitu chenu. (Mlango wa nakshi wenye saketi za kompyuta ndani yake kila kundi limeshaufikiria, tafadhali.)

Kuhusu kugawa fulana kama zawadi, tahadhari. Hacktoberfest, tukio la kila Oktoba la kuchangia programu huria lililoanza 2014, lilikuwa linatoa fulana kwa anayefikisha idadi fulani ya michango ya kazi, si ya pesa. Mwaka 2020 miradi ikafurikwa na michango ya ovyo, mtu anaongeza neno moja kwenye maelezo ili apate fulana yake. Sheria zikabadilishwa, na kufikia 2023 fulana zikaondolewa, zikabaki beji za mtandaoni. Mkitangaza "atakayeleta wanafunzi kumi anapata fulana", mtaletewa majina kumi. Mpeni mwalimu aliyefundisha muhula mzima, kimya kimya, bila kutangaza kabla.

Usafirishaji hapa ni mwepesi mkiacha kuiga maduka ya Ulaya. Msipeleke nyumba kwa nyumba. Unguja mtu achukue darasani Jumamosi au dukani kwa fundi aliyechapa. Pemba tafuteni mtu mmoja Chake, mpeni boksi zima kwa boti ya bandari ya Mkoani, na orodha yenye majina, saizi na namba za muamala. Yeye anagawa siku ya darasa na kupiga tiki. Wa Wete na Micheweni watakuja Chake au watamtuma mtu, hawajawahi kushindwa. Fungeni kwa karatasi na kamba, mifuko ya plastiki imekatazwa Zanzibar tangu 2006 na bado naona vijana wa teknolojia wanafungia humo.

Baada ya misimu mitatu minne mkiona oda zinaongezeka na mtu wa mizigo bado hajakimbia, hapo fungueni tovuti. WooCommerce, kwa sababu ni ya bure kuitia kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, mliyonayo tayari na wanafunzi watajifunza kwayo. Shopify mtailipia kila mwezi hata mwezi ambao hamkuuza stika. Mpaka wakati huo, fomu na katalogi ya WhatsApp Business zinatosha.

Vikombe, hapana. Vizito, faida yake ndogo, na sijaona boksi la vikombe lililoshuka Mkoani likiwa zima. Kamati iking'ang'ania, waambieni wavibebe wenyewe mapajani.