Barua kwa Mjomba Nahodha: Mtazame samoni mgongoni kabla hujamtoa majini

Shikamoo Mjomba. Tuko Kent, jimbo la Washington, mwaka wa pili tangu tutoke Tanga. Watoto wamefunga shule na majirani wanasema ifikapo Agosti samoni hufika hadi karibu na ufukwe. Mashua hatuna. Je, mtu anaweza kumpata akiwa nchi kavu? Na watoto wakatiwe leseni?
*Baba wa wawili, Kent*

Marahaba. Anaweza, tena mwaka ukiwa witiri ndiyo raha yenyewe. Kuna samoni mdogo aitwaye pinki, wa kilo mbili hivi, ambaye maisha yake yote ni miaka miwili: huzaliwa mtoni, hushuka baharini, hurudi kutaga na kufa. Katika Puget Sound, ule mkono wa bahari unaoingia hapa Washington, kizazi chenye wingi kimeangukia miaka ya witiri. Walikuja 2023, wakaja 2025, na wa 2027 wanafuata. Kilele chao ni Agosti, na utawaona wakiruka juu ya maji mbele ya macho yako. Mwaka ukiwa shufwa, weka tumaini kwa koho, ambaye ni mkubwa zaidi na huongezeka kuanzia mwishoni mwa Agosti na Septemba.

Nenda Lincoln Park, West Seattle, ufukwe wa kokoto, au gati la Dash Point karibu na Tacoma. Ukiwa na nafasi ya kwenda mbali, Point No Point kule Hansville ina kina kirefu karibu kabisa na nchi kavu, na samoni hupita hapo wakiingia kutoka bahari kuu. Fika alfajiri na uchague saa ambayo maji yanatembea. Maji yakisimama, watu hunywa kahawa. Funga chambo cha bandia cha rangi ya waridi, Buzz Bomb au mfano wake, kitupe mbali, kiache kizame, halafu inua ncha ya fimbo na uishushe. Samoni hukidaka kinaposhuka, kwa hiyo usiuache mshipi ulegee sana wakati huo. Kijino cha ndoana kibane kwa koleo hadi kilale, maana baharini samoni huvuliwa kwa ndoana isiyo na kijino.

Wewe kata leseni; mwaka wake huanza Aprili 1 na kwisha Machi 31. Mtoto aliye chini ya miaka 15 hahitaji leseni, lakini kadi ya kuandikia samoni anaihitaji, na kila samaki mnayembakiza anaandikwa papo hapo ufukweni, si mkifika nyumbani. Bahari imegawanywa kwa namba: Lincoln Park iko eneo la 10, Dash Point eneo la 11, na kila eneo lina tarehe zake, ambazo huweza kubadilishwa ghafla katikati ya msimu. Pakua programu ya simu ya idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, Fish Washington, uitazame asubuhi ileile kabla hujatoka.

Mjomba, mimi moyo unaniuma. Mume wangu alialikwa na wafanyakazi wenzake kwenda kuvua kwa mashua mwezi Julai. Akanasa samoni mkubwa wa aina ya Chinook, akapigana naye mpaka mikono ikafa ganzi. Mwenye mashua akamtazama yule samaki mgongoni, akamchomoa ndoana akiwa bado majini, akamwacha aende. Tulikuwa na wageni jioni ile. Huko si kuitupa riziki?
*Mama N., Tacoma*

Dada yangu, mwenye mashua alifanya vilivyo, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Mtazame samoni mgongoni. Kuna pezi kubwa la katikati, kisha ukielekea mkiani utakuta kipezi kingine, kidogo, laini, hakina miiba, cha ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Katika vituo vya kuzalisha samoni, vifaranga hukatwa kipezi hicho kabla ya kufunguliwa mtoni. Kidonda hupona, pakabaki kovu laini. Miaka miwili, mitatu baadaye, samaki ameshazunguka Pasifiki na kurudi, na mtu yeyote mwenye macho anajua alikozaliwa. Kama hana kipezi, alilelewa kituoni ili avuliwe. Kama anacho, huhesabiwa ni wa asili, aliyezaliwa chini ya changarawe za mto, mahali mama yake alipochimba kwa mkia. Wapo wachache wa kituoni wasiokatwa, lakini sheria haikupi nafasi ya kubahatisha.

Hao Chinook wa asili wa Puget Sound wamo katika orodha ya taifa ya viumbe walio hatarini tangu 1999. Walivuliwa kupita kiasi, mito ikafungwa kwa mabwawa, miti ya kingo ikakatwa maji yakapata joto, na vinamasi vya kulelea vifaranga vikafukiwa kujengwa ghala na barabara. Si binadamu peke yake anayewahitaji. Orka, wale nyangumi wauaji, wa kundi la kusini, ambao hawafiki 80 sasa, chakula chao kikuu ni Chinook huyohuyo.

Kwa hiyo yule aliyeachiwa Julai, akiwa jike, amekwenda mtoni na maelfu ya mayai tumboni. Mimi nimekulia Pangani kwa mshipi na dema, na kule samaki akishapanda ngalawani ni wako, hakuna anayekuuliza kazaliwa wapi. Lakini kule pia nimewaona wazee wakikaa juu ya gogo wakizitaja aina za samaki ambazo wajukuu wao hawajapata kuziona. Mtu aliyeyasikia hayo hawezi kuona hasara katika Chinook mmoja anayeondoka akipiga mkia.

Mwambie mumeo, siku nyingine samaki abaki majini muda wote huo. Kumpandisha mashuani samoni usiyeruhusiwa kumbakiza ni kosa hata kama ulitaka kumpiga picha tu. Ashike ndoana kwa koleo na kuigeuza. Haina kijino, itatoka. Asimguse mashavuni, wala asimwinue kwa mshipi akaning'inia.

Na ajifunze kuwatofautisha, kwa sababu kanuni si moja kwa wote. Chinook ana ufizi mweusi pale meno yanapoota, na madoa nusu ya juu na nusu ya chini ya mkia. Koho ufizi wake mweupe, madoa yapo nusu ya juu ya mkia tu. Pinki ana madoa makubwa ya duara refu mkiani, na magamba madogo mno. Pinki hawakatwi kipezi, kwa hiyo Baba wa wawili asije akawarudisha pinki wake wote baharini kwa kusoma jibu hili. Kanuni ya koho hutegemea eneo na mwaka.

Ndugu Nahodha, mimi napita Mto Duwamish kila siku kwenda kazini. Nimeona wenyeji wa asili wametega nyavu mtoni wakati sisi wenye leseni tumefungiwa. Tunalipa pesa, wao wanavuna. Haki iko wapi?
*Mvuvi, Tukwila*

Hapa sikubaliani nawe, ndugu yangu, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka 1854 na 1855 gavana Isaac Stevens aliyasainisha makabila ya hapa mikataba ya kuachia ardhi. Ardhi ikaenda, karibu yote. Haki ya kuvua katika maeneo yao ya desturi hawakuiachia. Waliandikisha kwamba wanabaki nayo. Kwa hiyo unachokiona Duwamish si zawadi ya jimbo. Ni kitu ambacho hawakukitoa.

Na hata hicho walipokonywa. Kwa miongo mingi jimbo liliwakamata kwa kuvua mahali palepale palipotajwa. Billy Frank Jr., wa kabila la Nisqually, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na kabla mambo hayajaisha alikuwa amekamatwa zaidi ya mara 50. Februari 12, 1974, jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali hukumu hiyo kwa sehemu kubwa mwaka 1979.

Sasa fikiri. Fungu letu sisi tunaanza kulila samaki akiwa bado baharini, wiki kwa wiki, kiangazi chote. Wao wengi hungoja afike mtoni. Ukifika mlango wa mto Septemba ukaona nyavu, umeliona fungu lao linaliwa hadharani; la kwako ulishalila Agosti. Tena kila masika viongozi wa makabila hukaa na jimbo kupanga msimu, na wana vituo vyao vya kuzalisha samoni. Huenda yule uliyembakiza mwaka jana wamemlea wao. Ukipita karibu na wavu wao kwa mashua, zunguka kwa mbali, na ukikutana na mwenyewe msalimie. Wengi watakwambia mengi kuhusu mto ule.

Mjomba, pinki niliyeletewa amelegea na kumeguka sufuriani. Nimkatae siku nyingine? Na mwanangu anataka kumla mbichi.
*Bibi S., SeaTac*

Usimkatae, ila aliyekuletea alimchelewesha. Nyama ya pinki ni laini, huharibika upesi. Akishavuliwa tu akatwe matamvua damu itoke, kisha alazwe kwenye barafu. Huko si kuchinja, samaki ni halali bila hivyo. Ni kuitunza nyama.

Mbichi, hapana, mpaka agandishwe kwanza nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 7, kwa sababu ya minyoo. Friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo, kwa hiyo pima kwa kipimajoto. Na kama mna mbwa, msimpe samoni mbichi hata kichwa: wa pwani hii hubeba ugonjwa unaoweza kumuua.

Pinki mkaange au mfanyie katlesi. Wa kupaka tafuta koho, mwache na ngozi yake, mbanike upande wa ngozi kwanza, na tui liwe zito maana hana haja ya kukaa motoni muda mrefu.