Jibu: Je, nyumba za ibada bado zina kazi?

Umeuliza kama nyumba za ibada bado zina kazi, ilhali vijana wengi wanasema wana imani lakini hawataki kujiunga popote. Umegusa penyewe. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilikuta Wakristo ni asilimia 46.2, mara ya kwanza kushuka chini ya nusu. Marekani, waliojiandikisha kanisani, sinagogi au msikitini walikuwa asilimia 47 mwaka 2020. Gallup, shirika la kura za maoni, lilipoanza kuuliza, 1937, walikuwa asilimia 73.

Shule, matibabu, kusaidia maskini: mengi ya hayo, yaliyokuwa yakifanywa na nyumba za ibada, serikali imeyabeba, na sioni ubaya wowote.

Lakini kuna kazi ambayo haijapata mrithi. Mama mmoja ninayesali naye alifiwa na mumewe. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Mwezi wa tatu simu zilikuwa zimenyamaza, ila wawili wa jumuiya yetu waliendelea kuja kila Alhamisi. Mmoja alimsaidia kujaza fomu za mirathi, mwingine alikaa naye tu, hata bila maneno. Wakati wa Uviko-19 tuliposali kwa intaneti, mahubiri yalitufikia vizuri (namshukuru Mungu kwa hilo), ila asiyeonekana hakuna aliyemuulizia.

Hao vijana unaowasema, wengi tumewaalika kuja kusikiliza tu. Hatujawahi kuwaomba waende Alhamisi kukaa na mfiwa. Mimi ningeanzia hapo.