Ua lina saa yake: majibu kwa wasomaji wa Bukavu

Tangu mvua irudi, karibu kila swali linalonifikia ni la maua mengi na matunda machache. Nimechagua matano.

Maboga yangu yanachanua sana, lakini vitoto vya boga vinageuka njano na kuanguka. Majirani wanasema ni jicho la mtu. (Mama wa Panzi)

Mama, hakuna jicho la mtu hapo. Mmea wa boga una maua ya aina mbili. Dume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Jike lina kiboga kidogo shingoni hata kabla halijafunguka. Hicho kiboga hakikui mpaka chavua, ule unga wa njano wa dume, iletwe juu yake, na upepo hauiwezi kazi hiyo: chavua ya boga ni nzito, tena inanata. Lazima apatikane mdudu.

Shida iko kwenye saa. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshanyauka, halifunguki tena. Huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za mvua ni baridi na mawingu. Mvua ikinyesha nyuki anabaki mzingani. Baridi ikizidi anachelewa kutoka. Akianza kazi saa nne, jike lako linakaribia kufunga mlango.

Juma lililopita nilikaa kando ya boga langu kwenye parseli, Ibanda, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu na nusu. Niliona nyuki wanne tu, wote baada ya jua kupasua mawingu. Mmoja aliingia ndani ya dume, akatoka mgongo mzima ni wa njano kama aliyeangukia gunia la unga wa mahindi, akasimama kidogo kwenye jani kujipangusa miguu, kisha akazama kwenye jike la jirani. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa mgeni.

Lakini ziara moja haitoshi. Chavua ikifika kidogo, mbegu chache ndizo huundwa, na boga linapinda au linaanguka likiwa changa. Kwa hiyo asubuhi zenye mvua fanya kazi ya nyuki mwenyewe: kata dume lililofunguka leo, toa petali zake, pakaza ule unga katikati ya jike. Maliza kabla ya saa tatu. Na kama unachuma maua kwa ajili ya kupika, chuma madume, ubakize ya kutosha. Madume ndiyo hutangulia kutokea, kwa hiyo siku za mwanzo zisizo na boga hata moja zisikutishe.

Nyuki wanajaa kwenye marakuja yangu, lakini matunda ni haba. (Papa wa Kabare)

Papa, tazama ua la marakuja kwa karibu. Vifuko vya chavua vinaning'inia vikitazama chini, na sehemu ya kike iko juu zaidi. Nyuki wa asali ni mdogo: anatembea chini, anakunywa mbochi (yale maji matamu ya ua), anajaza chavua miguuni, anaondoka bila kugusa juu. Anakula bila kulipa. Anayelitosha ua hilo ni yule nyuki mweusi mnene anayenguruma, anayetoboa mbao kavu na boriti za paa, nyuki seremala. Mgongo wake unafagia chavua na kuipandisha hadi inapotakiwa.

Nasikitika kila ninapoona watu wakiziba matundu yake kwa udongo au kummwagia mafuta ya taa. Mwekee magogo makavu ya mti laini pembeni mwa shamba, ataacha paa lako taratibu. Angalia pia aina uliyopanda. Marakuja ya zambarau hufunguka asubuhi na huweza kupokea chavua ya mmea wake. Ya manjano hufunguka kuanzia adhuhuri, nayo huikataa chavua yake yenyewe: ukiwa na mmea mmoja tu wa manjano, hata nyuki seremala mia hawatakusaidia.

Je, maharage yanahitaji nyuki? (Bagira)

Hapana. Ua la maharage hujichavusha kabla halijafunguka vizuri. Yakikosa kuzaa, chunguza udongo, jua kali au ugonjwa.

Mwalimu alisema nyuki haoni rangi nyekundu. Mbona nawaona kwenye maua mekundu? (Mwanafunzi, Kadutu)

Mwalimu wako yuko sahihi, na macho yako pia. Mwaustria Karl von Frisch alionyesha mwaka 1914 kwamba nyuki huona rangi: aliwazoesha kula maji ya sukari juu ya kadi ya bluu, nao wakaendelea kuifuata bluu katikati ya kadi nyingi za kijivu hata pasipo sukari. Nyekundu waliichanganya na nyeusi. Ila nyuki huona mwanga wa urujuanimno, ambao sisi hatuuoni, na maua mengine mekundu huurudisha mwanga huo. Kwingine harufu ndiyo inayomwita. Ua jekundu lenye mrija mrefu, lisilo na harufu, kwa kawaida ni la ndege chozi.

Nakupa zoezi. Tafuta ile lantana ya kwenye ua wa nyumba, yenye vichwa vya rangi mbili. Vijiua vipya ni vya njano na vina mbochi. Vikizeeka vinakuwa vyekundu na vikavu. Vizee havianguki mapema kwa sababu vinasaidia kichwa kizima kuonekana kutoka mbali. Hesabu kipepeo anatua kwenye rangi ipi.

Kahawa yangu inachanua mvua za kwanza zinaporudi. Nyuki wana faida? (Mkulima, Idjwi)

Arabika hujichavusha, lakini wadudu wakitembelea huongeza mavuno. Huko Panama ongezeko hilo limepimwa shambani. Mbochi ya kahawa ina kafeini kidogo, isiyofikia uchungu wa kumfukuza nyuki. Watafiti walionyesha mwaka 2013 kwamba nyuki waliopewa kafeini walioikumbuka harufu ya ua baada ya saa 24 walikuwa mara tatu ya wale waliokunywa sukari tupu. Maana yake, nyuki aliyeonja leo atarudi kesho, na kesho ni karibu yote aliyo nayo: ua la kahawa huishi siku mbili au tatu. Basi shamba likishakuwa jeupe, kijana wa bomba la dawa apumzike mpaka petali zianguke.