Usiandike 37 Ikiwa Kikombe Kimeonyesha 65

Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Kondoa aliniandikia kwamba amepima nyumbani jinsi joto linavyoathiri vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kwa kutumia vikombe vya uji na kimea cha ulezi katika joto tofauti, kimoja kikiwa kwenye barafu, na kwamba uji uliokuwa mwepesi kuliko wote ni ule wa nyuzijoto 65, wala si wa 37 kama alivyotarajia. Aliuliza kama aandike 37 ili ripoti yake ilingane na alichofundishwa. Mdogo wangu, swali lako limenichoma, kwa sababu mimi niliandika.

Mama yangu, hapa Dodoma, alikuwa akiotesha ulezi, akiuanika na kuusaga, kisha akitia kijiko kimoja katika uji mzito wa mtoto, nao ukalainika bila kuongezwa maji. Nililipeleka jambo hilo kwenye maonesho ya sayansi nikiwa na jedwali safi ambamo 37 iliongoza. Jaji aliomba daftari nililoandikia siku ya jaribio, kisha akauliza kilipo kikombe kisichotiwa kimea. Sikuwa na daftari wala kikombe. Niliondoka kabla ya matokeo kutangazwa, na aibu ile sijaisahau.

Nyuzijoto 37 ni joto la mwili wetu, na amilesi (kimeng'enya kinachovunja wanga na hivyo kulainisha uji) iliyo katika mate hufanya kazi vizuri hapo. Amilesi ya kimea ni ya mmea, nayo huvunja wanga kwa kasi zaidi kwenye nyuzijoto 60 hadi 70. Kimeng'enya hiki ni protini yenye umbo linaloshika wanga; joto huongeza kasi yake mpaka umbo hilo liharibike, na likishaharibika halirudi hata uji ukipoa. Ndiyo maana mama alisubiri uji uache kutokota, ingawa katika mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 maji huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 100: joto hilo bado hukiharibu kimeng'enya.

Kwa hiyo andika ulichokiona, na ukiandike saa ileile, hata kama kinapingana na mwalimu. Kila kikombe chenye kimea kiwe na mwenzake kisicho na kimea katika joto lilelile, kwa kuwa uji wowote huwa mzito ukipoa, na bila mwenzake huwezi kujua kama kilichofanya kazi ni kimea au ni joto tu. Acha uji ufikie joto unalolitaka kabla ya kutia kimea. Anayerekebisha takwimu zake anajinyima jambo lilelile alilokuwa akilitafuta. Nasema hivi kwa uchungu.

Kikombe chako kilichokaa kwenye barafu usikimwage. Kipashe polepole hadi nyuzijoto 65, ukikoroga, kisha kitazame kwa robo saa: kimea kilichopoa kitaamka. Kingine ukitie kimea kilichochemshwa kwa dakika kumi, ukipe joto hilohilo, halafu uniandikie ulichokiona.