Kichwa kinauma kila siku, nijaribu dawa gani kali zaidi?

SWALI: Daktari, niko Embakasi, nina miaka 34, kazi yangu ni ya kompyuta. Tangu Januari kichwa kinaniuma karibu kila siku, kinaanza tu nikiamka. Nameza Panadol Extra mbili, saa zingine mbili tena jioni, kinatulia halafu kesho kinarudi. Nimepima macho, malaria na presha, zote ziko sawa. Kuna dawa gani kali zaidi?

JIBU: Dadangu, jina la dawa kali sitakupa, na si roho mbaya. Nashuku hizo unazomeza ndizo sasa zinakuumiza kichwa. Najua haiingii akilini, kila mtu nikimwambia hivi pale kaunta ya kemisti ananiona kama namnyima dawa, lakini ni ugonjwa unaojulikana kabisa na madaktari wa neva wanauona kila wiki.

Kitu kinachonichosha ni hii hoja ya wengi, "lakini mimi sipitishi dozi." Tembe 8 za miligramu 500 kwa siku ndio mwisho wa paracetamol kwa mtu mzima, na hiyo ni ya kulinda ini. Kwa kichwa, kinachohesabiwa ni siku unazomeza. Ukimeza paracetamol ama ibuprofen ya kawaida siku 15 ama zaidi kwa mwezi, na iwe hivyo zaidi ya miezi 3, tayari uko pabaya. Zile za kuchanganya, zenye kafeini ama kodini ndani, ni siku 10 tu. Na Panadol Extra ni ya kuchanganya, kila tembe ina kafeini miligramu 65, kwa hivyo hata mbili tu za asubuhi zinatosha kukufikisha hapo. Ndio maana unaamka nacho, usiku mzima hujameza kitu, dawa imeisha mwilini na ubongo uliozoea unaidai.

Kwanza niambie, wengine kwa nyumba wanaamka na kichwa pia? Kama ndio, na mnalala na jiko la makaa ndani juu ya baridi, toeni jiko leo leo, ule moshi usioonekana unaua.

Kama ni wewe peke yako, ziache zote mara moja. Paracetamol na kafeini unaweza kuacha ghafla, ila mtu wa kodini asijaribu peke yake, apitie kwa daktari apunguziwe polepole. Siku 2 hadi 10 za kwanza kitauma kuliko sasa, utasikia kichefuchefu na usingizi utapotea, na hapo ndio wengi wanashindwa, siku ya tatu wako kwa kemisti tena. Chagua wiki ambayo kazi si nyingi na uwaambie watu wa nyumbani. Nafuu inaweza kuchukua hadi miezi 2. Muone daktari mapema, anaweza kukuanzishia dawa ya kuzuia kichwa kisianze, kama amitriptyline kidogo usiku, ama propranolol kama huna pumu. Kila siku weka alama kwa kalenda, kimeuma ama hakijauma, umemeza nini. Kikibaki kipandauso tutakijua na kitatibiwa kama kipandauso.

Usingoje yoyote ya haya kama maumivu yamekupiga ghafla kwa sekunde, ama una homa na shingo imekakamaa, ama upande mmoja umelegea. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa wale wa kule tauni wenye mashine ya kupima mwili mzima, unashika kile chuma dakika moja na karatasi inatoka imeandika figo, ini, "mishipa ya kichwa imeziba", halafu unauziwa chupa za maelfu. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachoweza kuona hayo. Na kuna kitu kibaya zaidi, ile karatasi ya khaki yenye tembe za rangi tatu bila jina. Nimeletewa nyingi, ukichambua unapata diclofenac (ya maumivu) na prednisolone (steroidi) pamoja, kichwa kinatulia kweli, na tumbo linaweza kutoboka. Mtu akikupimia dawa mwambie aandike jina la kila tembe kwa hiyo karatasi, na akikataa, mrudishie dawa zake uende.