Shemeji anataka uwakilishi wadi, watoto wake amewatelekeza

Dada wa Kondele, unauliza kama ni haki kukataa kumpigia kampeni shemeji yako kwa sababu hawatunzi watoto wa mke aliyemwacha, na ukoo unasema ya nyumbani yabaki nyumbani.

Kataa. Katiba ya Kenya yenyewe, Kifungu cha 75, inamtaka afisa wa serikali asiivunjie ofisi heshima hata katika maisha yake ya faragha. Kifungu cha 53 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Bunge la kaunti, analotaka kuingia, ndilo hupitisha bajeti ya chekechea na zahanati. Mwenye uwezo asiyemlipia mwanawe karo, nitamwaminije na basari za watoto wa wengine?

Talaka yenyewe usimhesabie, wala ulevi unaoutaja wa yule kijana wake mkubwa. Ndoa huvunjika, na mtu mzima hujibebea yake.

Kabla ya uchaguzi wa 2027, mkalisheni na wazee, aanze kutoa matunzo. Akikaidi, mama watoto aende kwa afisa wa watoto au mahakamani, nawe umsindikize.